Wavu wa nusu inchi umenisaidia kumzuia kanu, mnyama kama paka anayekula kuku: uzoefu wangu hapa Waithaka, Nairobi

Nilipoteza mitetea sita katika wiki mbili. Asubuhi ya kwanza niliwakuta wawili chini ya fito za kulalia: kichwa hakuna, kifua kimeanza kuliwa, mwili umeachwa pale pale. Mlango ulikuwa na komeo kama nilivyoufunga. Mmoja alikuwa akitaga kila siku, na niliumia sana.

Nilimshuku mbwa wa mtaani. Shosho wa ploti ya pili akaja, akawageuza wale kuku, akaniambia, "Mwanangu, mbwa angerarua banda na kuwatawanya. Mwewe huja mchana akabeba kifaranga. Angekuwa panya, ungeona kuku wametafunwa miguu. Huyu amepita kwenye mwanya. Mwaga jivu uone."

Jioni nikachekecha jivu la jiko kuzunguka banda lote. Kulipokucha, nyayo zilikuwa wazi: ndogo, za duara kama za paka mchanga, bila alama za kucha. Nguchiro angeacha kucha ndefu. Zilikwenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya kona. Usiku wa tatu nikammulika kwa tochi: madoa ubavuni, mkia mrefu wa pete nyeusi na nyeupe. Kanu. Juu ya ile nguzo, kati ya mabati na ukuta, palikuwa na uwazi wa vidole vinne, na chini yake ule wavu wa kuku wa kawaida, wa matundu ya pembe sita, ulikuwa umeshika kutu ukafumuka.

Ndipo nikanunua wavu wa waya uliochomelewa, matundu ya nusu inchi. Bei yake ni karibu mara tatu ya ule wa kawaida, na kwa kuta za banda naona inastahili. Ila angalia viungo kabla hujalipa. Kipande cha kwanza nilichouziwa kilikuwa kimepakwa zinki kabla ya kuchomelewa, na mvua za Aprili hazijaisha viungo vilikuwa vya kahawia. Uliopakwa baada ya kuchomelewa una zinki iliyofunika kila kiungo, unaihisi kwa kidole kama vitone. Huo ndio nilioubakisha.

Vaa glavu, kwa sababu ncha zake zinakata vibaya. Mimi nimeufunga kwa skurubu na washa (vile vipete bapa vya chuma), maana misumari inang'oka. Pale chini nimeukunja kuelekea nje futi moja, nikaulaza ardhini na kuufunika kwa udongo na mawe. Mnyama wa kuchimba huanzia ukutani, na hapo anakutana na waya. Mlango nilitengenezewa na fundi wa Kamukunji, fremu ya chuma, makomeo mawili. Ule uwazi wa juu nao nikauziba kwa wavu huo huo, hewa bado inapita. Uwanja wa mchana nimeufunika juu kwa wavu wa bei nafuu. Mwewe hahitaji zaidi ya hapo.

Wavu huu wa nusu inchi una upungufu mmoja mkubwa: siafu. Mwezi wa tano walipita kwenye matundu kama hakuna kitu, wakamvamia kuku aliyekuwa akilalia mayai, na hatukumwokoa. Mvua zikianza, zungusha jivu kila jioni, na ukisikia kuku wanalia usiku, toka uwahamishe mara moja.

Kuna walionishauri niweke sumu kwenye nyama. Tafadhali usifanye hivyo. Atakufa mbwa wa jirani, atakufa bundi anayekula panya, na kanu mwenyewe ni mnyamapori aliye chini ya ulinzi wa sheria. Ukiona huwezi kumzuia mwenyewe, wapigie KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

Ni miezi minane sasa, na usiku sijapoteza kuku kwa kanu. Nyayo zake bado naziona kwenye jivu mara kwa mara: zinafika kwenye nguzo, zinazunguka hadi mlangoni, zinarudi bondeni. Mwezi ujao naongeza rola nyingine ya wavu huo kwa banda la vifaranga.