Mpango wa Mazoezi wa Otago kwa Wazee: Tathmini Baada ya Miezi Kumi Nyumbani kwa Mama, Tanga

Mama yangu ana umri wa miaka 79 na anaishi Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya zamani yenye ua wa ndani, vizingiti virefu milangoni na choo cha uani. Katika mwaka mmoja alianguka mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa akirudi kutoka chooni usiku, akavunjika mkono wa kushoto karibu na kiganja. Mara ya pili alianguka akiwa matembezini, na anguko hilo ndilo lililonifanya nitafute njia nyingine. Alipotolewa hogo, tulishauriwa kwa nia njema kwamba tumtembeze kila siku ili miguu ipate nguvu. Tukamtembeza kila asubuhi kwa miezi mitatu bila kukosa, hadi siku aliyogeuka ghafla kumwitikia jirani aliyemwamkia kwa nyuma, akayumba na kukaa chini kwa kishindo kando ya mtaro. Kwa rehema ya Mungu nyonga ilisalimika.

Ninachokitathmini hapa ni mpango wa mazoezi uitwao Otago, jinsi tulivyoupata kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, aliyekuja nyumbani kutoka kliniki moja ya mjini, na jinsi tulivyouendeleza wenyewe kwa miezi kumi. Kliniki hiyo sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema juu yake si ya kusifu.

Mpango huu ulibuniwa katika Chuo Kikuu cha Otago, kilichoko mji wa Dunedin huko New Zealand, chini ya Profesa John Campbell na Clare Robertson. Jaribio lao la kwanza, lililochapishwa mwaka 1997, lilihusu wanawake 233 wenye umri wa miaka 80 na kuendelea waliokuwa wakiishi majumbani mwao. Matokeo ya majaribio manne yalipojumlishwa, yakihusisha watu 1,016 wa umri wa miaka 65 hadi 97, idadi ya kuanguka ilikuwa imepungua kwa asilimia 35, na majeraha yatokanayo na kuanguka yalipungua kwa kiwango hichohicho. Waliofaidika zaidi walikuwa wale waliokwisha kuvuka miaka 80 na waliokwisha kuanguka, yaani wazee ambao wengi wetu huwaambia wakae tu wasihangaike.

Nilivutiwa kwanza na namna mpango unavyoyapa matembezi nafasi yake. Haukuyaacha, lakini umeyaweka nyuma ya mambo mawili mengine: kuimarisha misuli ya miguu na kuuzoeza mwili kujisawazisha. Mwaka 2019 uchambuzi mkubwa wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, uliokusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000, ulionyesha kwamba mazoezi ya kusawazisha mwili na ya miondoko ya kila siku yalipunguza kuanguka kwa takriban asilimia 24, na kwamba yakichanganywa na ya kuongeza nguvu faida huwa kubwa zaidi; kwa matembezi peke yake ushahidi haukutosha kutoa hukumu. Ukifikiri unaona sababu. Mzee anayetembea mbele moja kwa moja kwenye njia tambarare, akiwa ameshikwa mkono na mwanawe, hafundishi mwili wake lolote kuhusu kugeuka, kurudi nyuma ili afunge mlango, kuinuka kitandani gizani au kuvuka kizingiti, na huko ndiko anakoangukia. Mama alianguka wakati wa kugeuka. Miezi mitatu ya kutembea haikuwa imemzoeza kugeuka hata mara moja.

Kwa vitendo, mpango una mazoezi mafupi ya kupasha mwili moto, matano ya nguvu na kumi na mawili ya msawazo, na mzee hapewi yote kwa siku moja bali mtaalamu humchagulia yanayomfaa na kiwango chake. Yale ya nguvu ni kunyoosha goti ukiwa umekaa, kukunja goti kwa nyuma ukiwa umesimama, kuinua mguu pembeni, kusimama kwa vidole na kusimama kwa visigino. Matatu ya kwanza hufanywa mguu ukiwa umefungwa uzito kifundoni. Ya msawazo yanaanzia kuchuchumaa kidogo huku umeshika kitu, yanapitia kutembea kinyumenyume, kutembea pembeni, kuzunguka kwa kufuata umbo la nane na kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine kisigino kikigusa vidole, hadi kupanda ngazi na kuinuka kitini bila kutumia mikono. Hufanywa mara tatu kwa wiki, kama nusu saa kila mara, na siku ya kupumzika katikati. Matembezi huongezwa angalau mara mbili kwa wiki, kwa mwendo wa kawaida wa mzee mwenyewe, hadi kufikia dakika 30, na dakika hizo zinaweza kugawanywa katika vipande vya dakika kumi kumi.

Siku ya kwanza mtaalamu, kijana wa umri wa mwanangu, alivua viatu mlangoni, akampa Mama shikamoo yake, kisha akamuuliza swali ambalo sisi wanawe hatukuwahi kumuuliza: ni jambo gani alilokuwa akiliweza zamani ambalo angependa kuliweza tena? Mama alijibu papo hapo, "Kusujudu, mwanangu. Tangu nivunjike ninasali kitini kama mgonjwa." Nilikuwa nimedhani kiti kinamridhisha. Kutoka hapo kila zoezi likawa na maana kwake: kuinuka kitini ni sehemu ya kuinuka kutoka mkekani, na kukunja goti ni sehemu ya kushuka. Kwa swali hilo moja kijana yule alistahili ada yake ya siku ile, shilingi 30,000.

Kisha akampima. Kwa sekunde 30 Mama aliweza kuinuka kitini na kukaa tena mara 4 tu, na kusimama kisigino kikigusa vidole aliweza kwa sekunde 3. Katika vipimo vinavyotumiwa na CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, mwanamke wa umri wa miaka 75 hadi 79 asiyefikisha mara 10 huhesabiwa kuwa katika hatari ya kuanguka, na asiyeweza kusimama hivyo kwa sekunde 10 pia. Vipimo hivi havihitaji mashine. Kiti imara kisicho na mikono, kikiegemezwa ukutani, na saa ya simu vinatosha, na ningependa kila nyumba yenye mzee ivijue, mradi awepo mtu wa kusimama karibu naye.

Mpango ulitengenezwa kwa nyumba za New Zealand, na tulipouleta Ngamiani ilibidi tuurekebishe. Michoro ya kitabu chake inamwonyesha mzee akishikilia meza ya jikoni iliyojengewa ukutani. Jiko letu liko uani na kila kitu huko kiko chini. Jirani mmoja alileta kiti cha plastiki, na mtaalamu akakikataa mara moja kwa kuwa kinateleza na kukunjika mtu anapokiegemea kwa upande mmoja. Hatimaye tulitumia nondo za dirisha la sebuleni, ambazo ziko kwenye kimo cha kiuno na haziendi popote. Mikanda ya uzito ya kufunga vifundoni hatukuipata kwa bei tuliyoimudu, kwa hiyo dada yangu alishona vifuko vya kitambaa kizito, akatia mchanga uliopimwa kwa mizani ya dukani, nusu kilo kila kimoja, na kushonea kamba pana zisizokata ngozi. Vimefanya kazi vizuri kabisa. Dera nalo lilileta shida katika kutembea kinyumenyume, kwa kuwa pindo hukanyagwa na kisigino. Sasa Mama huvaa suruali ndani na kulipandisha dera kwa kufunga kanga kiunoni.

Viatu vilitugharimu mabishano kuliko mazoezi yenyewe. Mama amevaa ndala maisha yake yote, na ndala ni kiatu kinachomlazimisha mtu kuburuta mguu ili kisichomoke. Tulimpatia raba za mtumba zenye kisigino kilichofunikwa na soli isiyo nene, kwa shilingi 15,000, naye alizivaa kwa shingo upande kwa wiki mbili kabla ya kukiri kwamba anaisikia ardhi vizuri zaidi.

Matembezi tuliyarudisha mwezi wa pili tu, mtaalamu alipoona anaweza kugeuka bila kuyumba. Barabara za Ngamiani zenye bodaboda, mchanga na mitaro iliyo wazi hazimfai mtu anayejifunza kuuamini mguu wake, kwa hiyo mara mbili kwa wiki tunampeleka kwa bajaji hadi Bustani ya Jamhuri, kando ya bahari, asubuhi kabla jua halijawa kali. Tulianza kwa dakika kumi. Sasa anatembea dakika 25 na kupumzika mara moja kwenye benchi. Tofauti na zamani ni kwamba simshiki mkono tena. Ninatembea upande wake, nusu hatua nyuma, mikono yangu ikiwa tayari, jambo ambalo kwa mtoto ni gumu kuliko linavyosikika.

Sasa nieleze upungufu. Kitabu cha mpango kimeandikwa kwa Kiingereza, na kliniki haikuwa na maelezo yoyote ya Kiswahili ya kumwachia mgonjwa; ilibidi mimi mwenyewe niandike kila zoezi kwa herufi kubwa na kulibandika ukutani karibu na dirisha. Mpango unataka mtaalamu aje mara nne katika miezi miwili ya kwanza, arudi tena baada ya miezi sita, na apige simu kila mwezi ambao haji. Ziara nne tulizipata, na zilikuwa nzuri. Simu hazikupigwa hata moja. Ziara ya mwezi wa sita ilikuja katika mwezi wa nane, baada ya mimi kwenda kliniki mara tatu kuiulizia. Hili silichukulii kama jambo dogo, kwa sababu mzee akizoea uzito uleule na kushikilia dirisha lilelile bila mtu wa kumpandisha kiwango, mwili huacha kupata changamoto na faida husimama. Mama alikaa na nusu kilo kwa miezi mitano wakati angeweza kupanda mapema zaidi.

Lingine linalonikera ni kwamba huduma hii imeachiwa wenye uwezo wa kulipa ziara za nyumbani. Jaribio mojawapo la mpango huu, lililochapishwa mwaka 2001 na kuhusisha watu 240 wa umri wa miaka 75 na kuendelea, lilitekelezwa na muuguzi aliyefundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, na kuanguka kulipungua kwa asilimia 46. Muuguzi tunaye katika zahanati. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wengi wao ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Vifuko vya mchanga na nondo za dirisha havihitaji bajeti ya kutisha.

Kwa atakayeanza, zoezi lisianze kabla daktari hajamwona mzee, hasa mwenye shinikizo la damu, moyo au kizunguzungu, na dawa anazotumia zikaguliwe zote, kwa kuwa dawa za usingizi na za kutuliza akili ni miongoni mwa zinazowaangusha wazee. Kifua kikiuma, pumzi ikikata au kichwa kikizunguka, zoezi lisimamishwe palepale na atafutwe daktari. Kukakamaa kidogo kwa misuli siku za mwanzo ni kawaida.

Baada ya miezi kumi Mama hajaanguka. Mtu mmoja si jaribio, na siwezi kuapa kwamba ni mazoezi pekee yaliyomlinda, kwa sababu katika kipindi hichohicho tuliweka taa ya choo isiyozimwa usiku na kuondoa mkeka uliojikunja mlangoni. Lakini anainuka kitini mara 9 kwa sekunde 30, bado chini ya 10 ila zaidi ya maradufu ya alikoanza, na anasimama kisigino kwa vidole kwa sekunde 10 kamili. Adhuhuri na alasiri anasali mkekani, stuli nzito ikiwa kando ya mkono wake wa kulia. Isha, akiwa amechoka, bado hutumia kiti.

Kwa mpango wenyewe ninatoa nyota tano kati ya tano. Kwa kliniki ninatoa tatu, zote zikiwa za yule kijana na hakuna hata moja ya ofisi yake. Jumamosi hii tunaongeza mchanga hadi kilo moja na nusu kwa mguu wa kulia. Wa kushoto utabaki na kilo moja hadi goti liache kulalamika.