Kliniki ya chanjo Ilemela: sista anaeleza, ila siku ya surua ulizeni kwanza

Mimi nauza dagaa mwaloni Kirumba, na watoto wangu wote watatu wamekulia kliniki kwenye zahanati moja ya serikali huku Ilemela. Kina mama wanaohamia mtaani kwetu huniuliza wapeleke watoto pale au wapande daladala waende hospitali kubwa. Pelekeni pale. Chanjo ni bure, matone ya vitamini A ni bure, na mtoto anapimwa uzito kwa utulivu, harushwi kwenye mizani kama mzigo.

Kinachonipeleka zaidi ni maelezo. Sista wa chanjo hachomi akanyamaza. Kitinda mimba wangu alipofikisha wiki 6 nikauliza kwa nini turudi tena wiki ya 10 na ya 14, si amalize zote leo? Akaniambia, "Mama Happy, huyu bado anaishi kwa kinga yako." Kingamwili zangu zilipita kwenye kondo la nyuma nikiwa mjamzito, na maziwa yanaongeza nyingine za kumlinda tumbo. Zile alizozipata akiwa tumboni mwangu zinapungua miezi inavyokwenda. Chembe zake mwenyewe za kinga zipo, lakini bado ni changa, zinajibu kwa unyonge na kumbukumbu yake ni fupi. Dozi ya kwanza inaziamsha, zinazofuata zinakazia.

Surua nayo ina hesabu yake. Ukiichoma mapema mno, kingamwili za mama zinaizima chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza kitu. Ukichelewa, za mama zimeisha na ugonjwa unamkuta hana chochote. Ndiyo maana ni miezi 9. Na kwa kuwa wapo ambao ile ya kwanza haiwashiki, kuna ya pili miezi 18. Wengi wetu mtoto akishatembea tunaona kliniki imekwisha. Jamani, rudini.

Anakuonyesha na kichupa kabla hajachoma. Kina alama ya duara, na katikati mraba mdogo mweupe. Chanjo ikikaa kwenye joto mraba unakolea; ukishalingana rangi na duara, haitumiki tena. Kwa jua la Mwanza, mimi hiyo alama siachi kuiangalia.

Sasa lawama yangu. Kichupa cha surua kina dozi 10, na kikishachanganywa kinatakiwa kiishe ndani ya saa 6, kinachobaki kinatupwa. Mkifika watoto wawili mnaambiwa mrudi siku wenzenu watakapokuwa wengi. Nilirudishwa hivyo, dagaa nimeacha wameanikwa na wingu limeshafunga upande wa ziwa. Dawa kumwagwa inauma, naelewa. Lakini mama aliyerudishwa anaweza asije tena, na Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri kichupa kifunguliwe hata akiwepo mtoto mmoja. Hili walirekebishe.

Niliporudi alichanjwa, na chandarua tukapewa siku hiyohiyo. Sista akasisitiza alale humo mtoto, si baba. Mtu mzima aliyekulia huku kandokando ya ziwa malaria ikimpata mara nyingi humlaza tu, kwa sababu mwili umeshaizoea kwa kuumwa miaka mingi. Mtoto wa miaka miwili hana akiba hiyo. Yeye inaweza kumuua.

Nikamuuliza pia kuhusu binti yangu mkubwa, aliyechanjwa shuleni ile ya saratani ya mlango wa kizazi, maana mtaani maneno yalikuwa mengi. Akajibu bila kukunja uso. Inatolewa kabla binti hajakutana na kirusi kinacholeta saratani hiyo, na mwili wa umri ule unaipokea kwa nguvu kuliko wa mtu mzima. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi inayoitwa thaimasi, ambako chembe fulani za kinga hukomaa. Utotoni ni kubwa. Kuanzia balehe inasinyaa. Ukubwani tunategemea zaidi kumbukumbu ya yale mwili uliyokutana nayo mapema, yakiwemo ya sindano.

Nendeni asubuhi mapema, benchi ni chache. Kadi msisahau. Na kama ni surua, mtume mtu akaulize siku wanayofungua kichupa kabla hamjafunga biashara.