Uzoefu wangu: vyama vya udugu katika vyuo viwili vya Marekani

Vijana wanaojiandaa kwenda kusoma Marekani huniuliza swali lilelile: nikifika, nijiunge na zile frati, yaani vyama vya udugu vya wanafunzi vyenye majina ya herufi za Kigiriki? Mimi nimekuwa ndani ya mbili, kwenye vyuo viwili tofauti, na kabla sijajibu huuliza kwanza unakwenda chuo gani. Herufi za mlangoni hazikwambii lolote. Wa kuangaliwa ni watu wa tawi lile, kwenye chuo kile.

Chuo changu cha kwanza kilikuwa kikubwa, cha serikali, huko Midwest, yale majimbo ya kati na kaskazini. Mtaa mzima ni nyumba za vyama, zina nguzo nyeupe na bendera barazani. Nilifika Agosti nikitokea Tanga, simjui hata mtu mmoja. Wiki ya pili wakaanza kututembeza nyumba kwa nyumba, wanakusalimia, wanakuuliza habari za kwenu, na siku ya mwisho unapewa kadi ya mwaliko. Nilipopata yangu nilimpigia mama usiku uleule. Tangu nishuke kwenye ndege, ndiyo mara ya kwanza nilijiona nina watu.

Na kweli walinifaa. Hesabu za mwaka wa kwanza zilikuwa zinanishinda, na kaka mmoja wa mwaka wa nne alikuwa ananikalisha kwenye meza ya chakula kila Jumanne, tunachora grafu kwenye karatasi za kufutia mikono hadi boksi linaisha. Nilifaulu kwa sababu yake. Hilo sitalisahau.

Lakini pesa! Ada ya chama ilikuwa dola 900 kwa muhula, chumba hakimo, chakula hakimo, na faini ya kukosa mkutano ni juu yako. Mwenye viza ya masomo anaruhusiwa saa 20 tu za kazi kwa wiki wakati wa muhula, tena ndani ya chuo. Mimi nilikuwa naosha vyombo kwenye bwalo, na karibu mshahara wote ulikuwa unaishia kwenye ile nyumba.

Kilichoniondoa hata hivyo ni kipindi cha wanachama wapya. Waliosoma bweni nyumbani wanajua njuka anavyopokewa. Nilidhani ni yaleyale. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi tunaamshwa kudeki sebule, sakafu inanata bia ya usiku hadi kandambili inabaki nyuma ukinyanyua mguu. Hayo niliyavumilia. Kisha usiku mmoja wakatushusha chumba cha chini, taa zimezimwa, mwenzetu mmoja akaambiwa amalize chupa. Alikuwa na miaka 18, na sheria ya Marekani inataka 21. Akaanguka. Wakubwa wakaanza kubishana juu yake: tukiita gari la wagonjwa tawi litafungiwa, tumlaze tu, atazindukana. Nikatoka nje kwenye theluji bila koti nikapiga 911. Alipona. Mimi baada ya hapo nikawa msaliti, na muhula ulipoisha nikaanza kutafuta chuo kingine.

Siku hizi naona hatari ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Mwaka 2017, kwenye nyumba ya chama pale Penn State, chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, mwanachama mpya alinyweshwa pombe, akaanguka kwenye ngazi, na msaada uliitwa baada ya kupita karibu masaa kumi na mawili. Alifariki. Wazazi wake walipigania sheria ya kukomesha unyanyasaji huo, ikapita Pennsylvania mwaka 2018, na Desemba 2024 ikasainiwa ya nchi nzima, inayovitaka vyuo kutangaza hadharani vyama vilivyokutwa na makosa ya kunyanyasa wanachama wapya. Ripoti ya chuo chako itafute uisome kabla hujavaa fulana ya mtu.

Chuo cha pili kilikuwa chuo cha kihistoria cha Weusi, yaani kilichoanzishwa zamani kwa ajili yao, huko kusini. Hapo hakuna nyumba za nguzo. Nchi nzima kuna vyama tisa vikubwa vya Weusi, vitano vya kaka na vinne vya dada, vingi vilizaliwa wakati vyama vya wazungu havimpokei Mweusi. Cha kwanza kilianza chuo kikuu cha Cornell mwaka 1906, na vitano kati ya hivyo tisa vilianzia Howard, chuo cha Weusi cha Washington. Kwame Nkrumah mwenyewe alikuwa mwanachama wa kimojawapo, Phi Beta Sigma.

Kuingia huku ni kimya kimya. Huendi kutembezwa, wao wanakuangalia mwaka mzima: maksi zako, kazi za kujitolea, unavyowasalimia wapishi wa bwalo. Kupeleka watu puta kulifutwa rasmi na vyama hivi mwaka 1990, ingawa matawi mengine huendelea kwa siri, kwa hiyo usiingie umefumba macho. Tawi letu lilitutesa kwa kukariri tu: majina ya waasisi, miaka, mashairi. Siku ya kutolewa hadharani tulisimama mstari mmoja uwanjani, kila mtu kifua chake mgongoni mwa mwenzake, tunapiga stepu kwa kishindo, na akina mama wa watu wanalia.

Machi ile baba alifariki. Simu iliingia saa tisa usiku. Kulipokucha chumba kilikuwa kimejaa. Wenzangu wa mstari wangu walikuwa wamekaa sakafuni, na saa nne akaja mzee wa tawi la wahitimu, aliyeingia chama miaka ya 1970, amebeba sufuria ya wali na kuku mikononi kabisa. Hatukuwa tumewahi kuonana. Hadi jioni tiketi ya kwenda na kurudi ilikuwa imelipwa kwa michango. Kwetu Tanga vyama vya kufa na kuzikana tunavijua, ila sikutarajia kukikuta kimoja ng'ambo ya bahari.

Rafiki yangu Mkenya alisoma chuo cha Williams, jimbo la Massachusetts, walikoamua kuviondoa vyama hivi miaka ya 1960. Anasema hakupungukiwa marafiki, na namwamini.

Chama cha kwanza nakipa nyota mbili kati ya tano, zote mbili ni za yule kaka wa hesabu. Cha pili nakipa nne na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu ada ya kuingia ilikuwa zaidi ya dola elfu moja, tena inatakiwa yote kwa mkupuo. Omba mchanganuo wa ada kwa maandishi mapema, na omba kuongea na mwanachama aliyemaliza chuo miaka kumi iliyopita. Wasipokuwa na hata mmoja wa kukuunganisha naye, ondoka.

Mimi bado nalipa ada yangu kila mwaka. Yule mzee wa sufuria hunipigia kila Machi.