Wilson Clash 100 baada ya miezi saba: kisugudi changu kimepona

Ndugu zangu, kuna watu wa hapa Unguja wananiuliza raketi gani ya tenisi wanunue, basi ushauri wangu huu.

Raketi yangu ya mwanzo nlinunua duka moja mjini, muuzaji kanambia hii ndo ya mabingwa, nami nkaipenda rangi nkalipa. Gramu 315 bila nyuzi, kichwa inchi za mraba 97, fremu ngumu kama boriti. Sasa mie nacheza alasiri mara mbili kwa wiki nikishatoka kazini, mpira sipigi kwa kasi hiyo, na kichwa kidogo ukikosa katikati tu mkono mzima unatetemeka. Miezi mitatu haijafika kisugudi kikaanza kuuma, ikafika hadi kunyanyua birika la chai shughuli. Federer, yule bingwa wa tenisi, alikuwa anashika gramu 340, kweli, lakini yule mwili wake umejengwa kwa kazi hiyo toka mtoto.

Nikaja kuazimwa Clash 100 na mgeni mmoja kwenye kiwanja cha hoteli huko Kiwengwa, wallahi mipira kumi tu nkajua. Ina gramu 295, kichwa inchi 100, nyuzi 16 za wima kwa 19 za mlalo, na fremu yake inapinda kidogo mpira ukigonga kwa hiyo ule mshtuko hauji wote mkononi. Nliagiza yangu ikaja na boti kutoka Dar, sasa ni miezi saba, maumivu hayapo. Savu, ule mpigo wa kuanzisha mpira, ndo bado yangu dhaifu lakini hiyo raketi haitanifundishia. Anaetaka mpira utoke kwa kishindo bila kutumia nguvu nyingi aijaribu Babolat Pure Drive, gramu 300, ila ile ni ngumu zaidi, mwenye mkono mbovu asiiguse.

Kitu watu wanapuuza ni mshiko, yaani unene wa mpini. Chukua rula, pima kutoka mstari wa katikati ya kiganja hadi ncha ya kidole cha pete, mie nlipata sentimita 10.8 kama hivi ambayo ni mshiko namba 2. Ukiwa baina ya namba mbili chukua ndogo, utaongeza gripu ya juu, ule utepe wa kuzungushia mpini, maana mshiko mnene huwezi kuupunguza kirahisi. Na kwa jasho letu la hapa hiyo gripu ya juu utaifunga tu, kaskazi ikishika mie nabadilisha kila wiki mbili.

Nyuzi nazo! Raketi laini ukaifunga nyuzi za poliesta na kuzikaza sana umefanya nini sasa? Mkono utauma vilevile. Mie nimefunga zile laini za nyuzinyuzi nyingi, nimezikaza kwa kilo 23, zinakatika mapema kweli lakini nalala usingizi. Za utumbo wa ng'ombe wanazisifu sana ila hazipendi unyevu, na sie tumezungukwa na bahari, sizinunui.

Bei yake imeniuma, sifichi. Ndo maana naomba sana, kabla hujatoa pesa azima ya mtu ucheze japo seti moja, na ukishanunua usiiache ndani ya gari juani, nyuzi zinalegea. Yangu nalala nayo chumbani.