Baba wa kambo aombe, au mama asubiri kadi yake?

Mama wa Moshi ameolewa na raia wa Marekani. Binti yake, miaka 23, hajaolewa, amebaki Majengo. Nani amwombee kuhamia Marekani?

Baba wa kambo anaweza kujaza fomu I-130 (ya kumwombea ndugu uhamiaji) leo hii, ila ndoa iwe ilifungwa kabla binti hajatimiza miaka 18. Kumuasili si lazima. Kama binti alikuwa na miaka 19 siku ya harusi, njia hiyo haipo, hata kama baba ndiye aliyelipa ada yote ya chuo.

Mama haulizwi tarehe ya harusi. Cheti cha kuzaliwa cha RITA ndicho ushahidi wake. Lakini kwanza apate grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), na binti asiolewe kabla mama hajawa raia: akiolewa, ombi la mama linakufa. (Wenye mbege ya posa, subirini kidogo!) Ombi la baba lingepona, likahamia tu kwenye foleni ndefu zaidi.

Foleni zote ni za miaka. Tarehe ya harusi ikiruhusu, ningeanza na baba. Mama aongeze lake baadaye, maombi hayo mawili hayagongani.