Laini kwanza, simu baadaye: uzoefu wangu wa kutafuta rezo nzuri Lubumbashi

Hapa Lubumbashi mtu akitaka simu mpya anaanza na kamera, halafu rangi, halafu bei. Rezo, yaani mtandao wa simu, anaikumbuka akishafika nyumbani. Mimi nilikwenda kinyume: nilichagua laini kwanza, ndipo nikatafuta simu ya kuzibeba. Wauzaji wenzangu wa soko la Kenya (mtaa wa hapahapa Lubumbashi, si nchi) wameniuliza habari hii hadi nimechoka kuirudia kwa mdomo, basi naiandika.

Kazi yangu ni unga na mafuta ya kupikia. Mzigo unatoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, unashushwa depo, na wateja wengine wako Likasi na Kolwezi. Nalala mtaa wa Hewa Bora. Rezo ikikatika, malipo hayaingii, na bila malipo dereva hawashi gari. Kamera ya megapikseli 50 haijawahi kuniuzia hata mfuko mmoja wa unga.

Kampuni mjini ziko nne: Vodacom, Airtel, Orange na Africell. Mtu wa hapa anazijua kwa namba kabla ya jina: 081 na 082 ni Vodacom, 097 na 099 ni Airtel, 084, 085 na 089 ni Orange (089 ilikuwa ya Tigo, ambayo Orange waliinunua mwaka 2016), 090 ni Africell. Kupata laini si kazi kubwa, unakwenda na kadi yako ya mpiga kura wanakuandikisha. Nilikuwa na laini mbili tayari. Nyingine niliziazima kwa jirani na kwa mdogo wangu. Zote nilizipitisha ndani ya simu ileile moja. Hilo ni la lazima, maana ukipima laini mbili katika simu mbili tofauti, hujui kama unapima rezo au unapima simu.

Vile vijiti vya juu ya skrini usivitegemee. Kila kiwanda kinavichora kinavyotaka. Penye vijiti vinne kwa simu hii, nyingine inaonyesha viwili. Kwenye Android ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya SIM. Utakuta namba yenye alama ya kutoa mbele yake na herufi dBm. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo rezo inavyokuwa na nguvu. Kwa 4G, -85 ni raha tupu, -100 unaishi nayo, -115 unaanza kutoka nje na kuinua mkono.

Nilipima sebuleni, jikoni, uani, depo na sokoni, mchana na usiku. Jambo la kwanza nililoliona ni mabati. Nyumba yangu ni ya matofali na paa la mabati, na laini iliyokuwa safi uani ilidhoofika vibaya nilipoingia chumbani. Bati linazuia mawimbi, na hakuna kampuni ya kulaumiwa kwa hilo. La pili lilikuwa sokoni: laini yenye namba nzuri kuliko zote ndiyo iliyokuwa na mega (data ya intaneti) za kukokota saa sita mchana. Nguvu ya rezo na kasi ya mega ni mambo mawili. Mnara unaweza kuwa karibu yako kabisa, lakini kama watu wote wa soko wanaunyonya kwa wakati mmoja, utangoja. Jioni, watu wakishatawanyika, laini hiyohiyo inakimbia.

Najua mnataka majina: nani wa kwanza, nani wa mwisho. Siyataji, na si kwa woga. Laini iliyoshinda kwangu Hewa Bora ilikuwa ya tatu kwa dada yangu wa Katuba, na pale depo mambo yakageuka tena. Nikiwapa jina, mtu wa Kasapa atalinunua na kunilaani. Azima laini, pima kwako, pima kazini kwako, basi.

Sasa habari ya delestaje, yaani mgao wa umeme, ambayo kwangu ndiyo iliyoamua. SNEL, kampuni ya umeme, wakikata, mnara wa simu hauzimiki papo hapo; una betri, mingine ina jenereta. Zikichoka, rezo nayo inaondoka. Watu wengi wanadhani kila kampuni ina mnara wake. Sivyo. Minara mingi ya nchi hii ni mali ya Helios Towers, na kampuni za simu zinapanga juu yake kama wapangaji katika parseli moja, yaani kiwanja kimoja: mwenye parseli ni mmoja, milango ni mingi. Kwa hiyo unaweza kulipia laini mbili za kampuni mbili, ukajiona mjanja, kumbe zote zimening'inia kwenye chuma kimoja. Mnara ukilala, zinalala pamoja. Ndiyo maana nilipima pia saa za giza, umeme ukiwa umekatika kwa muda mrefu. Laini mbili nilizozibakiza si zile mbili zenye kasi kubwa zaidi. Ni mbili ambazo hazizimiki kwa wakati mmoja. Ukichukua neno moja tu katika maandishi haya, chukua hilo.

Barabara ya Kasumbalesa, ile kilomita 90 hivi, haina mshindi. Kuna vipande laini zote zinakohoa. Mpakani kwenyewe kuna mtego mwingine: simu inanusa rezo ya Zambia, na kama ya kwetu imepotea mahali uliposimama, inahamia huko yenyewe. Unapokea ujumbe wa kukaribishwa nchi ambayo hujaingia, na yunite (salio la simu) zinaanza kuliwa kwa bei ya roming, yaani ya kutumia rezo ya nchi nyingine. Dawa yake: zima data ya roming, na kwenye uchaguzi wa mtandao ondoa ile ya kujichagulia, weka kwa mkono jina la kampuni yako. Watu wa Kipushi nao wanalijua hili.

Ndipo nikaja kwenye simu.

Kabla ya memori na kamera, simu ni redio. Ina masafa inayoyasikia na isiyoyasikia. Upande wetu wa dunia, Afrika na Ulaya, 2G inapita zaidi kwenye megahezi 900 na 1800, 3G kwenye 900 na 2100, na 4G mara nyingi kwenye 800 na 1800. Namba ndogo inafika mbali na inapenya ukuta vizuri zaidi. Namba kubwa inabeba watu wengi lakini inachoka mapema. Marekani wamejipanga vingine: 700, 850, 1900 na kadhalika. Simu za bei kubwa zinasikia karibu kila kitu, lakini simu ya bei ya chini iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni moja ya huko inaweza kufika hapa ikawa nusu kiziwi. Shemeji yangu aliletewa moja. Mjini kati, pale Posta, ilikuwa nzuri. Akirudi nyumbani ilibaki 2G, na kila mtu akamwambia abadilishe laini. Laini haikuwa na kosa.

Kwa wapenzi wa iPhone, mjue hili: kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina tundu la laini kabisa. Zinataka eSIM, laini isiyoshikika kwa mkono. Kabla ya kutoa dola zako kwa simu iliyotumika, igeuze, itazame ubavuni. Kama hakuna kitundu cha kutolea trei, muulize kwanza mtu wa kampuni yako ya simu atakuhudumiaje.

Mimi nilichukua Samsung Galaxy A15 ya 4G, toleo la SM-A155F, kwa dola 160 baada ya mabishano marefu. Sababu zangu: inasikia 800, 900, 1800 na 2100, betri ni ya mAh 5000, skrini inasomeka juani, na mimi nafanya kazi juani. Samsung waliahidi vizazi vinne vya Android na miaka mitano ya usalama kwa modeli hii iliyotoka mwisho wa 2023, na kwa simu inayoshika pesa zangu jambo hilo lina uzito. Nafasi ya pili ya trei ni ya laini au ya kadi ya memori, si vyote viwili. Kwa anayependa kuhifadhi video nyingi hilo ni la kufikiri. Kwangu laini ilishinda bila kura.

Kwa pesa hiyohiyo ungepata Tecno au Infinix nzuri, na modeli nyingi za itel na Tecno zina nafasi tatu, laini mbili na kadi ya memori pembeni. Watu wanabishana sokoni Tecno au Infinix, Infinix au itel, na zote tatu ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen. Bisheni, lakini mjue mnabishania watoto wa mama mmoja.

Kijana wa butike alitaka nichukue nyingine. “Mama, kamata hii, iko na 5G, iko muzuri sana.” Nikamwuliza, “Ku Hewa Bora 5G inashika fasi gani?” Akacheka mwenyewe. “Itakuya tu, mama.” Basi ikija itanikuta.

Ukinunua, usione haya kukaa dukani. Piga *#06#, namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, zitatokea, mbili kwa simu ya laini mbili. Zilingane na za kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu. Weka laini zako zote mbili palepale, piga, pigiwa, tuma meseji. Fungua kamera pia, sawa, lakini mwishoni. Karatasi ya garanti iandikwe IMEI, si jina la simu tu, la sivyo siku ya kurudi utaambiwa simu hii si yetu. Na noti zako za dola zikague kabla hujatoka nyumbani, maana mchaniko mdogo kwenye kona ya noti huwa mkubwa ghafla ukifika mikononi mwa mwenye duka.

Baada ya kuitumia, mambo ambayo hakuna muuzaji aliyenieleza ni haya. Simu ya laini mbili kwa kawaida ina redio moja ya kuongelea. Ukiwa unaongea na laini ya kwanza, anayepiga ya pili anaambiwa haupatikani. Wateja wa Kolwezi walidhani nawakwepa. Nikawaambia: mkikosa hii, pigeni ile nyingine. Jingine: ukiwa kwenye 4G halafu mtu akakupigia, simu nyingi zinashuka 3G au 2G ili zibebe sauti, isipokuwa kampuni na simu yako vyote viwili vina huduma ya sauti ndani ya 4G. Kwa hiyo WhatsApp ikisimama katikati ya mazungumzo, usiipige simu ukutani.

Na pesa. Hili wengi wanalichanganya. *1122# ya M-Pesa, *501# ya Airtel Money, *144# ya Orange Money, zote hazili mega hata moja. Zinapita kwenye rezo ya kawaida, hata 2G inatosha. Laini yako ya malipo si lazima iwe ile yenye mega za kasi. Iwe ile isiyokukimbia. Mimi nimegawa: laini moja ni ya wateja na malipo, nyingine ni ya mega, picha za stakabadhi na kelele za makundi ya familia. Kwenye M-Pesa naweka franka upande wake na dola upande wake, maana mafuta nalipia dola na hamali namlipa franka.

Betri ya siku ya soko inafika usiku. Siku ya barabarani haifiki, kwa sababu simu inayotafuta rezo inakula betri kuliko simu iliyoshika rezo vizuri. Nikitoka mjini naishusha 2G hadi nifike. Mega sizihitaji ndani ya gari, wito ndio nauhitaji.

Mama yangu anaishi Kasenga, kando ya mto Luapula. Dada zangu walitaka tumnunulie simu ya skrini. Nilipinga. Nilimpelekea itel ya vibonye, laini mbili, tochi, sauti ya kengele inayosikika hadi kwa jirani. Anapokea pesa, anapiga, na chaji inakaa siku nyingi. Wajukuu wanailalamikia, yeye hapana.

Kwa wenye laini ya pili inayokaa tu: msiiache bila kuitumia. Namba iliyolala muda mrefu kampuni inaweza kuichukua na kumpa mtu mwingine, na kama mlikuwa mmeiunganisha na WhatsApp au na pesa, mtasumbuka. Yangu ikipita muda haijafanya kazi naenda kabini, kwa wauza yunite, naiwekea kidogo, nampigia mama Kasenga. Sina la maana la kusema siku hizo, ila yeye huwa nalo.