Kinyozi wa Ruwi: omba ustara, usiombe mus

Niko Maskati mwaka wa tatu huu na muda wote huo nanyoa kwa mashine nyumbani, maana ndevu zangu za kipilipili, zikichongwa vibaya shingo yote inaota vipele. Ila mwezi uliopita tulikuwa na harusi ya jamaa yetu nikasema hapana, leo wembe. Nikaingia kibanda kimoja vichochoro vya nyuma huko Ruwi, viti vitatu tu, kioo kina ufa, TV inaonyesha kriketi.

Sasa kisanga. Kiarabu changu ni cha kuombea maji, ila najua wembe wanauita mus (na neno lenyewe likiandikwa kamili ni herufi zilezile za jina la Nabii Musa, nilidhani natania hadi nilipoona). Basi nikajitutumua, "mus, mus", huku najipapasa kidevu. Fundi akatabasamu akachukua kopo akanijazia povu la nywele kiganjani. Kumbe jamaa ni Mpakistani wa Punjab, kwake mus ni lile povu la kulazia nywele, wembe yeye anauita ustara! Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri zamu akacheka mpaka kofia ikasogea, akaniambia kwa Kiswahili safi cha Unguja, "Mwanangu, mwambie ustara, huyu mus haijui." Nikamwamkia shikamoo na povu langu mkononi, akaitikia marahaba huku bado anacheka.

Haya, huduma yenyewe. Ustara wake ni ule mpini wa kukunja, unaingia kipande cha kiwembe cha kawaida. Anachukua kiwembe kipya kikiwa bado kwenye karatasi yake, anakivunja katikati kwa urefu, nusu anaipachika, na hii anaifanya mbele ya macho yako, kwangu hapo tu kashapata nyota tatu. Mpini umepigwa chapa Sialkot, mji wa kwao huko unaotengeneza sana visu na vifaa vya hospitali vya upasuaji, akanionyesha kwa maringo kama vile kaufua mwenyewe. Kabla ya wembe ni taulo la moto, af sabuni ya brashi, hana haraka kabisa. Mkono mwepesi, nilikuwa nausikia tu ule mlio wa kwaruu kwaruu chini ya sikio nikawa nasinzia.

Akimaliza anakupaka jiwe la shabu lililoloweshwa (shabu ya zamani ile, sio yale madawa ya kulevya), linachoma kidogo ila damu inakata palepale. Yeye analiita fitkari, yule mzee akadakia "shabu hiyo, hata sisi Waarabu twasema shabba". Yaani jiwe sisi na Waarabu tunalo la jina moja ila wembe kila mtu na lake.

Nilivyorudi geto nikawauliza wenzangu, maana tunaishi watu wa mataifa manne. Mganda akasema kwao ni akamwano, kutoka kumwa, yaani kunyoa. Mkikuyu naye rwenji, kutoka kwenja, kunyoa vilevile. Kwa hao chombo kimepewa jina la kazi yake. Mrundi akasema urwembe, wingi inzembe, huyo hata hakuhitaji mkalimani. Sisi kunyoa kumempa jina kinyozi, wembe wenyewe ukabaki na lake. Af Waturuki wanasema ustura, wameuchukua Uajemi kama Wapakistani walivyochukua ustara wao, kwahiyo ukienda kwa kinyozi Mturuki neno ndo hilohilo, utaelewana naye. Wafaransa ndo wamenimaliza, wembe wa kukunja wa babu zao wanaupa jina la utani coupe-chou, yaani mkata kabichi. Kabichi jamani! Mtu kakaa na shingo yake.

Bei ni rial moja ndevu, kichwa na ndevu rial mbili, mi nimeona sawa. Usiende Alhamisi jioni, kesho yake Ijumaa watu wote wanataka kung'aa msikitini, mi nilisubiri saa nzima na nusu nimesimama.

Nyota ya tano nimeinyima kwa kitu kimoja. Raundi ya pili anarudi na wembe kinyume na ndevu bila kukuuliza, na kwa sisi wenye nywele za kujikunja hiyo ndo mbegu ya vipele. Nilivyoona anaanza kupandisha kutoka kwenye koromeo nikasahau ustara, nikasahau mus, nikapiga kelele tu "basi, basi!" Akasimama hapohapo. Kwao Punjab ni bas, yule mzee kwa Kiarabu ni bas, na wembe ukashuka.